TV ya Pili Chumbani Bila Waya: Programu za TV, Kutuma kwa Simu au Kuakisi Kioo?

TV mpya ya inchi 55 ikiingia sebuleni, ile ya inchi 32 haiendi jalalani. Inahamia chumbani, au kwa watoto, au inapelekwa kwa bibi ili naye aone tamthilia yake bila kugombea rimoti. Hapo ndipo kazi inapoanza. King'amuzi ni kimoja na kiko sebuleni. Ruta nayo iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo, pale pale fundi wa faiba alipoiweka siku ile bila kumuuliza mtu. Kupitisha waya kunataka kutoboa ukuta, na mwenye nyumba alishasema hataki matundu. Ukimwita fundi wa TV atakwambia ununue kijiti cha kuchomeka nyuma, au boksi la Android.

Ushauri huo si mbaya, ila unataka pesa. Hapa nalinganisha njia za kupata matangazo ya intaneti kwenye TV ya pili kwa vitu ambavyo tayari unavyo: TV yenyewe, simu au kompyuta ya mkononi, na intaneti ya nyumbani au bando.

Sharti ni moja, na bora nikuambie mapema usije ukapoteza jioni nzima: TV hiyo ya pili lazima iwe na waifai ndani yake. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mtandao. Ikikuonyesha orodha ya waifai za jirani, uko salama. Ikikuonyesha uunganishaji wa waya tu, au sehemu hiyo haipo kabisa, basi TV yako ni bapa lakini si janja, na hakuna ujanja wa simu utakaoifanya ipokee picha kwa hewa. Tundu la HDMI na la flashi si waifai, hata muuzaji aape vipi.

Swali linalotangulia mengine: nani anachota maji?

Nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kuunganisha TV za chumbani, na karibu kila aliyekwama alikuwa amechanganya kitu kimoja. Anaona picha ya simu imetokea kwenye TV, anadhani njia zote ni moja. Sivyo.

Chukulia intaneti ni bomba la uani. Katika njia ya kwanza, TV ina ndoo yake na inakwenda bombani yenyewe. Hii ni kutumia programu zilizomo kwenye TV. Katika njia ya pili, simu inaionyesha TV bomba liko wapi, kisha inakaa pembeni. Huku ndiko kutuma, kwa ile alama ya kijistatili chenye mawimbi kwenye kona. Katika njia ya tatu simu inachota yenyewe, inajitwika, inakuja kumimina kwenye TV, na haipumziki mpaka filamu iishe. Huko ni kuakisi kioo.

Ukishajua nani kabeba ndoo, mambo mengi yanajieleza: kwa nini simu inachemka, kwa nini picha inakatika ukipigiwa, kwa nini bando la simu limeisha wakati ulidhani unatumia waifai.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale. Kwanza, inadai nini kwenye TV na kwenye simu. Pili, inakula bando la nani na inataka kasi gani. Tatu, inapokwamia, na hapo naingiza pia kama huduma unayotazama inairuhusu njia hiyo, maana nyingine haziruhusu. Mwisho, inamfaa nani, kwa sababu njia inayomfaa kijana wa chuo inaweza kumtesa bibi wa miaka 70.

Kasi nitazitaja mara kwa mara, kwa hiyo nianze na namba. Kasi hupimwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, na namba ya picha kama 480p au 1080p ikiwa kubwa, picha ni safi zaidi; 4K ndiyo ya juu kati ya hizi. YouTube hupendekeza takriban Mbps 1.1 kwa picha ya 480p, 2.5 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 20 kwa 4K. Netflix hutaka 3 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Geuza hizo kuwa bando: Mbps 5 mfululizo kwa saa nzima ni zaidi kidogo ya GB 2, na Mbps 2.5 ni kama GB 1. Kwa TV ya inchi 32 inayotazamwa kutoka kitandani, mimi sioni sababu ya kupita 720p. Jicho halitalalamika, mfuko ungelalamika.

Njia ya kwanza: programu za TV yenyewe

Inadai nini. TV janja yenye duka la programu linalofanya kazi. Zilizojaa madukani kwetu huendeshwa na mifumo michache: Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, TCL nyingi hutumia Google TV, Hisense nyingine hutumia VIDAA na nyingine Google TV. Zote hizo zina YouTube na Netflix. Simu haihitajiki kabisa isipokuwa siku ya kwanza, ya kuingiza akaunti. Hata hapo usijitese kuandika nywila kwa rimoti herufi moja moja: YouTube inakuonyesha msimbo kwenye TV, unauingiza kwenye simu, kazi imekwisha.

Bando na kasi. TV inavuta yenyewe kutoka kwenye ruta. Ni nzuri kwa nyumba yenye faiba isiyo na kikomo. Kwa anayewasha hotspot ya simu ni hatari kidogo, kwa sababu TV haina huruma: ikipata kasi, inapandisha ubora yenyewe mpaka 1080p au zaidi, na unashtuka bando la wiki limeisha siku ya pili. Dawa ni kushusha ubora. Kwenye YouTube unashusha kwa rimoti ndani ya video. Kwenye Netflix unaweka kikomo kwenye mipangilio ya wasifu kupitia tovuti yao. Ubora wa chini kule ni hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati hadi 0.7, na wa juu hadi GB 3 kwa picha ya HD.

Inapokwamia. Hapa pana mengi, kwa sababu TV ya pili mara nyingi ndiyo ya zamani. Programu huzeeka kabla ya kioo. Mwishoni mwa 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, na TV hizo zilikuwa bado zinaonyesha picha safi kabisa. TV yako ikikuambia programu haitumiki tena, haijaharibika. Imeachwa nyuma tu, na njia ya pili au ya tatu inaweza bado kuiokoa.

Kuna pia TV za bei nafuu zenye Android isiyo na kibali cha Google. Ukiziwasha zina sura ya simu kubwa, duka lake la programu ni la ajabu ajabu, na Netflix ama haifunguki ama inatoa picha yenye ukungu. YouTube ikikubali, shukuru na uishie hapo.

Tatizo jingine nimelikuta mara nyingi mpaka sasa ndilo la kwanza ninaloliangalia: tarehe. Umeme ukikatika TV nyingine husahau saa, zikiwaka zinarudi miaka ya nyuma. Programu za intaneti hukagua vyeti vya usalama kwa tarehe, kwa hiyo TV inayoamini bado ni 2015 itakataa kuunganishwa hata kama waifai imejaa mistari yote. Rekebisha tarehe, zima, washa. Fundi anaweza kukulipisha kwa hilo.

Inamfaa nani. Bibi, watoto, mgeni, na yeyote asiyetaka kuazima simu ya mtu ili atazame taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Rimoti moja, kitufe kimoja. Vituo vingi vya Kenya na Tanzania hurusha habari zao mubashara YouTube, kwa hiyo hata bila king'amuzi cha pili chumba hakikosi habari.

Njia ya pili: kutuma kwa simu

Inadai nini. TV inayopokea Google Cast, ambayo imo ndani ya TV za Google TV na Android TV zenye kibali, au TV ambayo walau YouTube yake inajionyesha kwenye simu. Google ilileta mfumo huu 2013 kwa kijiti chake cha Chromecast, baadaye ukaingizwa ndani ya TV zenyewe. Kwa upande wa iPhone kuna AirPlay ya Apple, ya tangu 2010, ambayo kuanzia 2019 ilianza kuingia kwenye TV za Samsung, LG na Sony. Mwenye iPhone hajafungiwa kwenye AirPlay tu. Programu nyingi, YouTube ikiwemo, zina ile alama ya kutuma kwenye iPhone pia.

Simu na TV viwe kwenye waifai moja. Wengi wanajikwaa hapa. Simu iko kwenye bando lake, TV iko kwenye ruta, na alama ya kutuma haitokei. Au ruta ina waifai mbili, ya familia na ya wageni, TV imeingia ya wageni. Waifai ya wageni kwa kawaida huzuia vifaa visionane, na ndiyo kazi yake. YouTube peke yake ina mlango wa pembeni: ule msimbo wa kuunganisha na TV hufanya kazi hata simu ikiwa kwenye mtandao mwingine kabisa.

Bando na kasi. TV ndiyo inayovuta. Simu inabaki kuwa rimoti. Unaweza kupiga simu, kujibu ujumbe, hata kutoka nayo kwenda dukani, video inaendelea. Betri haisumbuki. Hesabu ya bando ni ile ile ya njia ya kwanza, na kumbuka kwamba ubora uliouchagua kwenye simu si lazima TV iufuate. Yenyewe hupanda na kushuka kwa kadiri ya kasi inayoipata.

Inapokwamia. Ruhusa. Utumaji unategemea mwenye programu ameweka ile alama au la, na anaweza kuiondoa. Netflix iliacha AirPlay 2019. Mwishoni mwa 2025 ikaondoa pia kutuma kutoka simu kwenda kwenye TV nyingi za kisasa zenye rimoti zake, ikitaka watu wafungue programu iliyomo kwenye TV. Watu wengi walidhani simu zao zimeharibika. Ukiwa na kile kifurushi cha Netflix cha simu tu, hicho hakijawahi kukusudiwa kwa TV, usihangaike.

Halafu kuna jambo la ujirani. Kwenye nyumba za kupanga ambako wapangaji sita wanachanga waifai moja, TV yako inaonekana kwenye simu za wote sita. Siku moja utakuwa unatazama mpira, ghafla katuni inaanza. Mtoto wa chumba cha tatu kabonyeza jina lisilo lake. Ipe TV yako jina linaloeleweka, na kama mipangilio yake ina sehemu ya kuomba kibali kabla ya kupokea, iwashe.

Inamfaa nani. Mtu anayependa kutafuta kwa simu, kwa sababu kuandika kwa rimoti kunachosha, kisha ajilaze. Inafaa pia nyumba ambayo TV ni ya wote: kila mmoja anatuma chake kutoka simu yake bila kuingiza akaunti yake ndani ya TV. Haimfai anayeishi kwa bando la simu moja tu bila ruta. Unaweza kuwasha hotspot na kuunganisha TV, na simu nyingi hukubali kutuma kwenye TV iliyo kwenye hotspot yao wenyewe, ila si zote.

Njia ya tatu: kuakisi kioo

Inadai nini. Kwa Android, Miracast, mfumo wa kuakisi ambao Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za waifai, uliuzindua 2012. Samsung huiita Smart View. Simu nyingine utaikuta kwenye vile vitufe vya juu unavyovishusha kwa kidole, kwa jina linalotaja kutuma kioo au onyesho lisilo na waya. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji ruta. Simu na TV huzungumza moja kwa moja. TV ambayo duka lake la programu limekufa zamani bado inaweza kuwa na Miracast nzima kabisa.

Si kila simu inayo. Pixel za Google hazina. Zenyewe hutumia Google Cast kwa kila kitu. iPhone haina, inatumia AirPlay. Lakini kompyuta za Windows 10 na 11 nyingi zinayo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, orodha ya TV zilizo karibu inatokea upande. Wengi wanayo kompyuta hiyo nyumbani miaka mitatu na hawajawahi kubonyeza vitufe hivyo viwili.

Bando na kasi. Hapa ndipo watu hujichanganya zaidi. Safari ya kutoka simu kwenda TV haili bando. Kinachokula ni simu inapovuta video, basi. Kwa hiyo ukitazama kwa 480p kwenye simu, unakula bando la 480p, karibu nusu GB kwa saa kwa vipimo vya YouTube, na TV inaonyesha hicho hicho kikiwa kimetanuliwa. Kwa mwenye bando dogo hii ndiyo njia yenye breki ya uhakika, kwa sababu breki iko mkononi mwake.

Inapokwamia. Simu ndiyo mbeba ndoo, kwa hiyo simu ikichoka, kila kitu kinasimama. Kioo lazima kibaki kinawaka. Betri inashuka kama maji ya mtungi uliotoboka, na simu ya bei ndogo inachemka mpaka inapunguza kasi yenyewe. Utaona midomo ya msemaji inaachana na sauti. Iweke kwenye chaji, itoe kwenye kava, na iwe chumba hicho hicho.

Kinachoonekana kwenye simu kinaonekana kwenye TV. Chote. Jioni moja nilikuwa nawaakisia wageni picha za harusi ya mdogo wangu, ukaingia ujumbe wa mwenye nyumba ukiuliza kodi ya miezi mitatu ninaileta lini. Herufi ziliiva vizuri sana kwenye ile TV. Mama mkwe hakusema neno, ila chai aliimaliza haraka. Siku hizi huwa naweka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa kabla sijaakisi chochote.

Na ruhusa tena. Programu zinazolinda filamu zake huzuia kioo kisinakiliwe. Netflix kwa kuakisi hutoa kioo cheusi. Wakati mwingine sauti inasikika na maandishi ya tafsiri yanapita chini, picha hakuna. Huo si ubovu wa TV, wala hakuna mipangilio ya kuutibu.

Inamfaa nani. Mwenye TV janja iliyozeeka, mwenye bando la simu peke yake, mwanafunzi anayetaka somo la video au kikao cha mtandaoni kionekane kikubwa, na yeyote ambaye anachotazama kiko kwenye tovuti isiyo na programu. Haimfai anayetaka kutazama saa nne mfululizo kila usiku. Simu itachoka mapema, na simu ni ghali kuliko kijiti kile ulichokikwepa.

Njia mbili za kando

TV nyingi zina kivinjari. Kinafungua tovuti za vituo vya televisheni, lakini ni kizito, na kwenye TV ya zamani hakifungui video za kisasa. Kijaribu programu ikikosekana, usitegemee makubwa.

Nyingine ni DLNA, ya tangu 2003, inayowezesha TV kuvuta mafaili yaliyo kwenye kompyuta au simu kupitia ruta. Haileti matangazo ya mubashara. Ila kwa filamu ulizopakua usiku bando likiwa rahisi, inafanya kazi hata faiba ikiwa imekatika, maana kinachohitajika ni ruta iwe inawaka.

Chumbani mawimbi hayafiki

Njia ya kwanza na ya pili zote zinategemea waifai ya ruta ifike kwenye TV kwa afya. Hapa ushindani unaamuliwa na kuta kuliko programu. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: 2.4 GHz, yanayofika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi lakini yana msongamano, na 5 GHz, yenye kasi lakini yanayochoka haraka mbele ya tofali. TV nyingi za bei nafuu zina 2.4 peke yake, kwa hiyo usishangae jina la waifai ya 5 lisipoonekana kwenye orodha yake.

Mtu wa Mji Mkongwe Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa ana kazi zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno, na chumba cha pili tu kinaweza kuwa kimya kabisa. Hapo kuakisi, ambako simu na TV viko chumba kimoja, kunaweza kushinda hata faiba nzuri, mradi simu yenyewe inapata mtandao wa mnara.

Bila kununua chochote, fanya haya. Ishushe ruta kutoka kabatini uipeleke koridoni, mahali pa juu na pa wazi, mbali na friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na jiko la maikrowevu, ambalo hutumia masafa yale yale ya 2.4. Waya wa faiba mara nyingi una urefu wa ziada uliozungushwa nyuma. Usiukunje kwa nguvu, una kioo ndani. Kama mnaishi ghorofani penye ruta ishirini, ingia kwenye mipangilio ya ruta uweke chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na uchague ile isiyo na majirani wengi. Nimeona TV iliyokuwa ikizungusha kile kiduara kila dakika tano ikatulia kwa kuhamisha ruta mita tatu.

TV mbili, akaunti moja

Kutazama vitu tofauti kwa wakati mmoja si suala la njia, ni suala la kifurushi. Netflix ya Basic inaruhusu kioo kimoja, Standard viwili, Premium vinne. YouTube ya bure haina kikomo hicho, ila mkitumia akaunti moja nyumba nzima, mapendekezo ya baba yatajaa katuni.

Kwa chaneli za kulipia, king'amuzi cha sebuleni hakiwezi kurusha picha yake chumbani bila kifaa. Lakini kampuni zina programu zake: mteja wa DStv anaingia DStv Stream kwa akaunti yake, na Azam wana Azam TV Max. Zitafute kwanza kwenye duka la programu la TV yako ya pili. Zikiwapo, njia ya kwanza inatosha. Zisipokuwapo, fungua kwenye simu uangalie kama kuna alama ya kutuma, na kuakisi kuwe la mwisho. Soma pia kifurushi chako kinaruhusu vioo vingapi kwa pamoja, kabla ya siku ya mechi na si siku yenyewe.

Na kuhusu mechi: matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya dishi na antena, mara nyingi kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi. Siku ya Simba na Yanga utasikia mtaa mzima umelipuka wakati kwenye TV yako mpira bado uko katikati ya uwanja. Njia zote tatu zina ugonjwa huo.

Kwa hali yako

Nyumba ina faiba na TV ya pili ni ya miaka ya karibuni: anza na programu za TV, na utumaji uwe wa YouTube na vitu vya kutafuta kwa simu. Netflix ifungue kwenye TV moja kwa moja.

Huna ruta, una bando: kwa kutazama kidogo kidogo, akisi ukiwa umeweka 480p. Kwa kutazama kila siku, washa hotspot, unganisha TV, shusha ubora ndani ya programu, na simu ipumzike kwenye chaji.

TV imezeeka na programu zinakataa: rekebisha tarehe kwanza. Ikigoma, jaribu kutuma YouTube, kisha Miracast kutoka simu au kompyuta ya Windows. Ukitaka Netflix kwenye TV ya namna hii, ujue umefika mwisho wa njia zisizo na gharama.

Ni ya bibi au watoto: programu za TV tu. Usimfundishe bibi kuakisi. Kwa watoto weka wasifu wa watoto na namba ya siri.

Una iPhone na TV haina AirPlay: tumia alama ya kutuma ndani ya programu moja moja, ukikosa rudi kwenye programu za TV. Miracast isahau.

Mnashiriki waifai na wapangaji wengine: programu za TV zinakupa utulivu zaidi, na kuakisi kwa Miracast kwa kawaida hakupiti kwenye waifai ya pamoja. Kutuma kunawezekana, ila ombi la kibali liwe limewashwa.

Na kama TV hiyo ya pili bado hujainunua, unaiwazia ya mtumba, basi hata ukiwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi usilipe kabla hujafanya jaribio la dakika tano. Iwashwe, iunganishe na hotspot ya simu yako, fungua YouTube ucheze video moja, fungua duka la programu uone kama linapakia, halafu akisi simu yako uone kama picha na sauti vinakwenda pamoja. Mwambie muuzaji aizime ukutani na kuiwasha tena, kisha angalia tarehe.